Kazi zilizomo ndani ya kichapuzi cha chembe cha chuo kikuu, na nani anazifanya

Anayesikia kwamba chuo kikuu fulani kina kichapuzi cha chembe, yaani mashine ya kukimbiza chembe ndogo kama elektroni kwa kasi kubwa mno, humfikiria profesa na ubao uliojaa hesabu. Profesa yupo. Lakini anayeingia ndani siku ya kazi atawakuta wengi wameshika spana, wanatafuta mahali panapovuja, wanakereza chuma, wanabadilisha pampu ya maji, au wamekaa mbele ya skrini saa tisa za usiku wakiulinda mwale, yaani ule mkondo wa chembe, usipotee. Na kichapuzi kikisimama ghafla, ni nadra kosa kuwa la nadharia. Mara nyingi ni bomba lililopasuka, nati iliyolegea au punje ya vumbi.

Kwa hivyo mzazi wa Chake Chake au Makunduchi ambaye mwanawe anapenda umeme, mabomba au kompyuta asidhani kuwa maabara hizi ni za wanafizikia peke yao. Njia nyepesi ya kuzielewa kazi zake ni kuifuata chembe tokea inapozaliwa, na kuangalia kila hatua nani anafanya nini na nini huharibika.

Tuanze na mfano. Chuo Kikuu cha Cornell kipo Ithaca, jimbo la New York, na chini ya uwanja wake wa michezo kuna handaki lenye duara liitwalo CESR, mzingo wake mita 768. Elektroni humo hukimbia karibu sawa na mwanga, hivyo hukamilisha zaidi ya mizunguko 390,000 kwa sekunde moja. Kila sumaku inapozipindisha, hutoa eksirei kali, na eksirei hizo ndizo zinazofuatwa na watafiti wa protini, vyuma na betri. Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden kina MAX IV, iliyozinduliwa mwaka 2016, ambayo duara lake kubwa lina mita 528. Michigan State University wana FRIB, iliyofunguliwa mwaka 2022. Hii haizungushi elektroni; hurusha viini vya atomi, hadi vile vizito vya urani, vikapige shabaha na kuzaa viini adimu. Ukubwa na lengo hutofautiana, lakini ukisoma matangazo ya ajira ya vyuo hivi utaona mafundi wanaotafutwa ni wale wale.

Ombwe

Elektroni iliyozungushwa kwa saa kumi huwa imesafiri kilomita bilioni 10 na ushei. Njiani ikigonga molekuli ya hewa, imepotea. Ndiyo maana bomba lote inamopita hutolewa hewa hadi libaki ombwe, yaani utupu, na hapa ndipo penye kazi nyingi za ufundi kuliko watu wanavyodhani.

Fundi wa viyoyozi wa Mwanakwerekwe tayari anaijua nusu ya somo hili. Kabla ya kujaza gesi huvuta hewa na unyevu kwa pampu, hufunga vali, kisha huangalia geji kama mshale unarudi. Pampu yake hubakisha chini ya sehemu moja ya elfu ya hewa iliyokuwemo. Ndani ya duara la kichapuzi kinachotakiwa kubaki ni kama sehemu moja ya trilioni. Kanuni ni ile ile, ila kwa kiwango hicho vitu visivyomshughulisha fundi wa kiyoyozi huwa adui mkubwa: alama ya kidole, unyevu ulioganda kwenye ukuta wa bomba, hewa iliyonaswa chini ya skrubu.

Hewa hutolewa kwa hatua. Kwanza pampu kavu ya kawaida, isiyotumia mafuta, huivuta hadi kiasi cha sehemu moja ya laki moja. Kisha huwashwa pampu ya tabo, yenye mapanga yanayozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Mwisho hubaki pampu za ioni, zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo huinasa gesi iliyosalia na kuishika kwenye kuta zake. Anayefungua vali ghafla wakati tabo iko kwenye mwendo kamili huingiza hewa juu ya mapanga hayo, na pampu ya maelfu ya dola huvunjika kwa sekunde moja.

Vipande vya bomba huunganishwa kwa flanji za chuma cha pua zenye ukingo mkali kama kisu, katikati pakiwekwa gasketi ya shaba. Bolti hukazwa kwa kuvuka upande wa pili, kidogo kidogo, raundi baada ya raundi, hadi kingo mbili ziiume shaba sawasawa. Akikaza upande mmoja kwanza, gasketi hulala upande na kiungo huvuja. Gasketi hutumika mara moja tu. Kuirudisha ile ya zamani ili kuokoa pesa ni hasara itakayoonekana siku ya pili. Mkwaruzo mmoja mwembamba unaovuka ukingo ule wa kisu hutosha kuirudisha flanji nzima karakana. Glavu zisizo na unga huvaliwa wakati wote, kwa sababu mafuta ya ngozi yataendelea kutoa gesi kwa wiki nyingi.

Kutafuta uvujaji ni ustadi wa peke yake. Mashine ya kutambua heliamu huunganishwa kwenye mfumo, kisha fundi hupulizia heliamu kidogo nje, kiungo baada ya kiungo, akiangalia namba zinapanda wapi. Heliamu ni nyepesi, hupanda. Anayeanzia chini atadanganywa: gesi itapanda hadi kwenye tundu la juu, namba zitapanda, naye atalaumu kiungo cha chini na kukifungua bure. Kwa hiyo huanzwa juu, na upepo wa feni huzimwa.

Kuna mavujo mengine hayaonekani kwa heliamu hata kidogo, lakini shinikizo la ndani halishuki. Hapo mtuhumiwa ni mfuko wa hewa ulionaswa ndani, kwa mfano chini ya skrubu iliyoingia kwenye tundu lisilotoboka upande wa pili. Hewa ile hutoka polepole kupitia nyuzi za skrubu kwa siku nyingi. Dawa ni skrubu iliyotobolewa katikati, na dawa hiyo huwekwa wakati wa kuchora na kukereza. Ukishafunga umechelewa. Ndivyo ilivyo kwa kuchomelea pia: mshono unaoziba hewa huwa upande wa ndani, na uwe mmoja usiokatika. Mchomeleaji hodari wa mageti, akizoea kuchoma nje na ndani ili kazi iwe imara, atatengeneza mfuko wa hewa katikati ya mishono miwili ambao hakuna pampu itakayoufikia. Akitaka nguvu zaidi, mshono wa nje huachwa na mapengo.

Baada ya yote hayo bomba hupashwa moto wa nyuzi 150 hadi 250 kwa siku nzima au zaidi huku pampu zinavuta, ili maji yaliyong'ang'ania kwenye chuma yatoke. Joto hupandishwa na kushushwa taratibu. Upande mmoja ukitangulia kupoa, flanji hujikunja, na kiungo kilichokuwa kizima jana huvuja leo.

Mawimbi, na baridi kali

Chembe huongezewa nguvu ndani ya kaviti, yaani matungi ya chuma yaliyojazwa mawimbi ya redio. Ikiingia kwa wakati wake, wimbi huisukuma mbele. Ikichelewa kidogo, hupata msukumo mdogo au hurudishwa nyuma. Mawimbi hutoka kwenye klistroni, vifaa vya kuyakuza mawimbi hayo, zinazolishwa umeme wa makumi ya maelfu ya volti, na mara nyingi zaidi. Anayezihudumia ni fundi wa volti kubwa, na jambo la kwanza analofundishwa ni kwamba kuzima swichi hakutoshi. Kapasita, vifaa vya kuhifadhi umeme, hubaki na chaji. Baada ya kuzima, hufunga swichi kwa kufuli lake mwenyewe na ufunguo hukaa mfukoni mwake, hupima, kisha hugusisha fimbo ya kutuliza chaji na kuiacha imening'inia hapo hadi kazi iishe. Wakifanya kazi watu watatu, kufuli ni tatu.

Kaviti nyingi za kisasa hutengenezwa kwa niobiamu, chuma ambacho chini ya nyuzi 264 hasi hupitisha umeme bila ukinzani. Hupozwa kwa heliamu ya maji, yaani gesi ya heliamu iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, yenye nyuzi kama 269 hasi, na maabara nyingi huishusha zaidi, hadi 271 hasi, kwa kuivuta kwa pampu. Matayarisho yake ndiyo magumu. Uso wa ndani hung'arishwa kwa mchanganyiko wa tindikali wenye haidrofloriki, ambayo ni ya kuogopwa kwa sababu inaweza kumuunguza mtu bila maumivu ya mwanzo huku ikipenya hadi mfupani. Pasipo na jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kuungua huko, karibu, kazi haianzi. Kisha kaviti husuuzwa ndani kwa maji yaliyosafishwa kabisa, kwa shinikizo la kama bari 100, na kufungwa katika chumba safi ambamo watu huvaa kanzu za kuwafunika hadi macho na hutembea polepole. Punje moja ya vumbi ikibaki ndani, nguvu za mawimbi hung'oa elektroni kutoka hapo, elektroni hupiga ukuta, ukuta hupata joto, na niobiamu hupoteza sifa yake. Miezi ya kazi hupotea kwa vumbi hilo.

Kiwanda cha kutengeneza baridi hiyo kina kompresa, vibadilisha joto na mabomba ya maili nzima. Huko ndiko fundi wa majokofu mwenye hesabu nzuri anakoweza kupanda hadi kuwa mhandisi. Gonjwa la kiwanda hiki ni uchafu: hewa au unyevu kidogo ukiingia kwenye heliamu, huganda na kuziba njia.

Na heliamu yenyewe, ingawa haina sumu, huua. Lita moja ya maji yake ikichemka huwa zaidi ya lita 700 za gesi, nayo hufukuza oksijeni chumbani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kengele hulia ikishuka hadi kama 19.5. Heliamu hujaa darini, naitrojeni baridi hutambaa sakafuni, kwa hiyo vipimo huwekwa kulingana na gesi iliyopo. Kanuni inayorudiwa kila mwaka ni kwamba ukimwona mwenzako ameanguka ndani, usikimbilie kumtoa. Toka, piga kengele, waingie wenye mitungi ya hewa. Walioingia kwa huruma ndio wanaofanya maiti ziwe mbili.

Kuonesha kiungo kimoja kina uzito gani: tarehe 19 Septemba 2008, siku chache baada ya kuwashwa kwa kichapuzi kikubwa cha CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, chenye mzingo wa kilomita 27, kiungo kibovu cha umeme baina ya sumaku mbili kilishindwa, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, na tani kadhaa zikamwagika handakini. Mwale haukurudi hadi Novemba 2009.

Sumaku, maji na umeme

Sumaku za kupinda na za kubana mwale hula mamia ya ampea, na ampea hizo zisitetereke zaidi ya sehemu chache katika laki. Ndani ya nyaya zake nene za shaba kuna tundu linalopitisha maji yaliyoondolewa chumvi, kwani maji ya kawaida yangepitisha umeme. Hitilafu zake ni za fundi bomba hasa: chujio limeziba, mtiririko umeshuka, kiungo kimetoa jasho. Kila sumaku ina kipima mtiririko na kipima joto vinavyokata umeme vyenyewe, na vingi vya vipima hivyo huharibika kabla ya sumaku. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi huwa ni kama sumaku ina joto kweli au kipima ndicho kinachosema uongo.

Mwenyeji wa Unguja aliyepita kwenye giza la mwisho wa 2009 hadi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, anadhani umeme mbovu ni ule uliokatika. Kichapuzi ni chepesi zaidi kuathirika: volti zikishuka kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, vyanzo vya umeme vya sumaku hujizima, mwale hupotea, na kurudisha kila kitu huchukua saa kadhaa.

Wapimaji ardhi nao wana kazi hapa, jambo ambalo wanafunzi wengi wa fani hiyo hawalijui. Sumaku hupangwa kwa kipimo cha leza hadi sehemu ya kumi ya milimita au chini yake, kisha hupimwa upya kwa sababu zege huzama na ardhi hutembea. LEP, kichapuzi kilichotangulia katika handaki lile la CERN, kilikuwa kinahisi mwezi: mvuto unaotupa bamvu na maji mafu hapa kwetu ulikuwa unainyoosha ardhi na kubadilisha mzingo wa kilomita 27 kwa kama milimita moja, na nishati ya mwale ikabadilika kwa kiasi kinachopimika. Iligundulika pia kwamba umeme uliokuwa ukivuja kutoka njia ya treni ya karibu ulikuwa unapita kwenye bomba la mwale.

Chumba cha udhibiti na usalama wa mionzi

Mwongoza mashine hukaa zamu, mara nyingi saa nane au kumi na mbili, usiku na sikukuu zikiwemo. Hahitaji kuwa na shahada ya uzamivu. Wengi wana diploma ya ufundi au shahada ya kwanza, na mafunzo ya miezi hupatiwa pale pale. Kinachomtofautisha mzuri na mbaya ni daftari la zamu. "Mwale ulipotea, tukarudisha" haimsaidii mtu. Anayekuja asubuhi anataka saa, kengele ya kwanza kulia ilikuwa ipi kabla ya zile nyingine arubaini, na nini kilibadilishwa. Nyuma yake wapo waandishi wa programu; maabara nyingi hutumia EPICS, mfumo wa bure wa kuunganisha maelfu ya vipima na skrini, ambao mtu anaweza kuupakua na kuujaribu kwenye kompyuta ya kawaida yenye Linux.

Mionzi ndiyo inayowatisha wazazi. Katika vichapuzi vya elektroni mionzi mingi huisha mwale unapozimwa, ingawa baadhi ya vipande hubaki na mnururisho na hupimwa kabla ya kuguswa. Kabla ya kuwasha, watu hupita handaki lote kwa mpangilio, wakibonyeza vitufe vya kuthibitisha kila pembe kwamba hakuna mtu, ndipo milango hufungwa. Mlango mmoja ukifunguliwa, mashine hujizima. Kila mfanyakazi huvaa kipima dozi. Kiwango cha kimataifa cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka, na cha raia wa kawaida ni 1. Maofisa wa usalama huu wana ajira hata pasipo na kichapuzi cha utafiti: Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye ofisi Arusha, hukagua mashine za eksirei na vyanzo vya mionzi.

Watafiti

Hawa wanajulikana zaidi, kwa hiyo tutapita haraka. Kuna wanaotafiti mashine yenyewe, na kuna wanaotumia mwale kutafiti vitu vingine. Mwanafunzi wa uzamivu katika fani hii kwa kawaida hulipwa posho na chuo. Baada ya hapo hufuata mikataba ya miaka miwili au mitatu, pengine zaidi ya mmoja na katika nchi tofauti, ndipo ajira ya kudumu ipatikane kwa wachache. Jambo hili lisemwe wazi kabla mtu hajauza shamba. Fundi na mhandisi mara nyingi huwa na ajira iliyo imara kuliko mtafiti kijana.

Mtumiaji wa mwale si lazima awe mfanyakazi wa maabara. Mwanabiolojia au mkemia huandika ombi, likikubaliwa na jopo hupewa saa zake bila malipo mradi matokeo yachapishwe. Afrika ni bara pekee linalokaliwa na watu lisilo na chanzo chake cha eksirei cha namna ya kile cha Cornell au Lund. Kilicho karibu ni SESAME, Jordan, kilichozinduliwa mwaka 2017. Afrika Kusini ina iThemba LABS karibu na Cape Town, yenye saiklotroni, aina ya kichapuzi cha mviringo, inayofikisha protoni nishati ya megaelektronivolti 200.

Kutoka Unguja na Pemba

Vyuo vya Marekani na Ulaya haviagizi fundi wa bolti kutoka ng'ambo, kwani humpata mjini kwao. Anayetaka kufika huko kwa mkono mtupu wa cheti cha ufundi atakwama kwenye viza. Njia inayopitika ni ya masomo: kidato cha sita kwa fizikia, kemia na hisabati, kisha shahada ya uhandisi wa umeme, mitambo, elektroniki au fizikia, na baadaye uzamili nje. Aliyeanzia vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni au Vitongoji, akapitia diploma katika Taasisi ya Karume kule Mbweni kabla ya shahada, hajapoteza miaka. Anapofika mbele ya kamati ya uzamili ana kitu ambacho wengi waliokwenda moja kwa moja hawana, nacho ni mikono iliyozoea kupima.

Kwa upande wa fizikia, Skuli ya Afrika ya Fizikia ya Msingi na Matumizi Yake, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2010, hufanyika katika nchi tofauti za Afrika, na Kigali kuna taasisi ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, yenye masomo ya uzamili. CERN hupokea wanafunzi wa kiangazi hata kutoka nchi zisizo wanachama. Maombi hufungwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo pasipoti na barua za walimu ziwe tayari mwezi wa Disemba.

Na kuna kichapuzi kilicho karibu zaidi kuliko vyote. Baadhi ya mashine za kutibu saratani zilizopo hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni vichapuzi vidogo vya elektroni: chanzo, bomba la ombwe, mawimbi ya redio, maji ya kupoza, milango inayokata umeme. Huharibika kwa sababu zile zile. Wagonjwa wetu wengi huvuka bahari kuzifuata, na fundi aliyekaa nazo miaka miwili, akiwa na daftari la hitilafu alizozitatua, saa ngapi mashine ilisimama na kipande gani kilibadilishwa, ana wasifu ambao maabara yoyote ya chuo itausoma hadi ukurasa wa mwisho.